Friji ya Jiko la Baridi: Nani Anaiamuru Kompresa?

Mwezi wa Juni ukishaingia vizuri katika nyanda za juu, lalamiko la namna moja huanza kuwafikia mafundi friji. Nyama iliyokuwa kwenye friza imelainika. Aiskrimu ya watoto imekuwa uji. Lakini ukifungua mlango wa chini unakuta maziwa yamepoa sawasawa, mchicha haujanyauka, taa inawaka. Mota tu ndiyo haisikiki, na inaweza kukaa kimya tangu saa mbili usiku hadi kumekucha. Mwenye friji anashangaa: jiko limekuwa baridi kuliko miezi yote ya mwaka, mtu anachemsha chai na sweta mwilini, halafu friza ndiyo inayeyusha. Fundi mwenye haraka ya fedha atasema gesi imepungua. Ataongeza gesi, atalipwa, na ikifika Septemba friza itaanza kugandisha tena. Sifa itakwenda kwa gesi, kumbe kilichobadilika ni hali ya hewa.

Friji hiyo haikuwa mbovu. Ilifanya kile ilichoundwa kufanya, ila iliundwa kwa ajili ya jiko lenye joto zaidi. Na hapa pana pengo katika ushauri tunaopeana kuhusu vifaa hivi. Karibu kila anayeuza friji au kuandika kuhusu friji Afrika Mashariki huwaza Dar es Salaam, Mombasa, Tanga: joto, unyevu, umeme unaokatika. Anayeishi Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya au Lushoto, na mwenzake wa Limuru, Kinangop, Molo, Nyahururu au Kabale, hupewa ushauri uleule wa pwani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, alfajiri za Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 mara kwa mara, na kule kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600, sakitu huweza kulala shambani asubuhi. Nyumba zetu hazina mitambo ya kupasha joto. Bati juu, saruji chini, na jiko mara nyingi limesukumwa nyuma ya nyumba au limejengwa pembeni kabisa, likipigwa upepo. Joto la jiko kama hilo usiku linakaribia joto la nje.

Ili kujua friji gani inafaa, inabidi kwanza kuelewa friza inavyoyeyuka katika baridi. Ukilielewa hili, nusu ya maneno ya dukani yanapoteza uzito.

Friji nyingi za milango miwili, friza juu na friji chini, zina kompresa moja na thamostati moja. Thamostati hiyo imekaa upande wa friji, kwa kawaida imeshikizwa kwenye bamba la ubaridi lililoko ukutani kwa nyuma. Upande wa friza hauna anayeusemea. Gesi inayopooza hupita friza na friji katika njia moja, kwa hiyo friza hupata ubaridi wake pale tu friji inapouomba. Mtengenezaji amepiga hesabu kwamba kila friji ikiomba kiasi fulani, friza nayo itapata kiasi kinachoitosha. Hesabu hiyo inategemea joto la chumba.

Tuifanye wenyewe. Sema jiko lina nyuzi 25. Friji inatakiwa kuwa nyuzi 5, kwa hiyo kati yake na chumba kuna tofauti ya nyuzi 20. Friza inatakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, tofauti yake ni nyuzi 43. Joto huingia kwenye kabati kwa kadiri ya tofauti hizo. Sasa jiko lishuke hadi nyuzi 10. Tofauti ya friji imebaki 5, na ya friza imebaki 28. Kazi ya friji imepungua kwa robo tatu, lakini ya friza imepungua kwa theluthi moja hivi tu. Kompresa inayosikiliza friji peke yake itapunguza mwendo hadi karibu robo, huku friza ikihitaji karibu theluthi mbili za kazi yake ya awali. Jiko likifika nyuzi 5, friji haiombi chochote. Imetimiza lengo bila umeme. Friza bado ina pengo la nyuzi 23 la kuziba, na hakuna wa kuwasha mota.

Ndiyo maana nasema mtu wa jiko la baridi, kabla ya kuuliza lita ngapi, rangi gani na nyota ngapi, aulize swali moja: thamostati inayoiamuru kompresa imekaa wapi? Mengine yote yanafuata.

Zipo sababu ndogo zinazoongeza tatizo. Mafuta ya kompresa huwa mazito katika baridi, na kuanza kuzunguka kunakuwa kwa shida. Gesi yenyewe husafiri kwenda penye baridi zaidi na kutulia huko ikiwa imesimama muda mrefu. Na ule mrija mwembamba unaopitisha gesi kwenda kwenye bamba la ubaridi hutegemea msukumo unaotokana na joto la kondensa, yale mabomba yanayotoa joto nje. Chumba kikipoa sana msukumo hushuka, gesi inayopita hupungua, na hata mota ikiwaka haifanyi kazi yake yote. Lakini katika nyuzi 8 au 12 za jiko la Njombe haya ni madogo. Kubwa ni thamostati.

Sasa herufi. Nyuma ya friji, au ndani ukutani karibu na droo ya mboga, kuna kibandiko chenye namba ya modeli, aina ya gesi, volti, na herufi moja au mbili ambazo wanunuzi wengi hawazisomi: SN, N, ST au T. Hizo ni daraja za hali ya hewa, zilizowekwa katika viwango vya kimataifa. SN ni friji iliyoundwa kwa chumba cha nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T, ile ya tropiki, ni 16 hadi 43. Katika viwango vya zamani ST na T zilianzia 18.

Angalia upande wa chini wa herufi hizo. Friji ya T, ambayo muuzaji ataipigapiga ubavuni na kusema, "Hii ni ya tropiki kabisa, mama, ya hali yetu," imehakikishiwa joto hadi 43. Kwa Dar es Salaam ni sifa halali. Kwa Makete sifa hiyo ni ya upande usiohitajika, kwa sababu sakafu yake ni nyuzi 16, na jiko la Makete litakuwa chini ya sakafu hiyo kwa miezi. Tropiki ya kitabu ni joto tu. Aliyepanga herufi hizi hakuwa na tropiki yenye sakitu akilini.

Dawa ya herufi ipo, na siku hizi si adimu: kibandiko kilichoandikwa herufi mbili zenye kistari katikati, kama SN-ST au SN-T. Maana yake friji imepimwa kwa daraja zote kati ya hizo, na SN-T inakwenda kutoka nyuzi 10 hadi 43. Familia ya Mbeya inayoweza kuhamishiwa Dodoma mwakani ina sababu nzuri ya kuitafuta hiyo. Muuzaji hawezi kuibadilisha kwa maneno. Ipo au haipo. Kama kibandiko kimebanduliwa, mimi ningeiacha friji hapo hapo.

Lakini hata SN inaishia 10. Jiko la uwandani likishuka hadi 6, herufi hazikusaidii tena, na unarudi kwenye swali la nani anaamuru. Hebu tupite kwenye aina zinazouzwa.

Friji ndogo ya mlango mmoja, yenye kisanduku cha barafu ndani kwa juu, ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayodharauliwa. Kwa jiko la baridi ina jambo zuri ambalo hakuna muuzaji anayelitangaza: thamostati yake hupima kisanduku chenyewe cha barafu, chuma kwa chuma. Kisanduku kikianza kupata joto, hata kama kiko chini ya sifuri bado, mota huwaka. Kwa hiyo barafu haiyeyuki kirahisi. Ubaya unahamia chini: kwa kuwa kisanduku kinaendelea kupoozwa na chumba chenyewe ni baridi, rafu za chini huweza kugandisha nyanya na mboga za majani. Unashusha namba ya kitufe hadi 1 au 2 na kuweka mayai mbali na kisanduku. Pia usitarajie nyuzi 18 chini ya sifuri humo. Visanduku vingi vya aina hii vimekusudiwa barafu na kuhifadhi nyama kwa siku chache, si kwa miezi.

Milango miwili isiyo na feni, ile inayoota barafu ukutani, ndiyo hasa ya hadithi niliyoanza nayo. Thamostati moja, upande wa friji. Ukiikuta ina kitufe kimoja tu cha kuzungusha, na kitufe hicho kiko chini kwenye friji, huku kibandiko kikisema T au N, basi unajua itakavyokuwa Julai. Ninaamini hii ndiyo friji isiyofaa kabisa kwa nyanda za juu, na ndiyo iliyojaa madukani.

Milango miwili yenye feni, zile ambazo hazioteshi barafu, zinahitaji jicho la karibu. Nyingi zina bamba moja la ubaridi huko kwenye friza, na feni inasukuma hewa baridi kwenda chini kupitia kijidirisha kinachofunguka na kufunga. Kama mwenye amri ni friza na kijidirisha ndicho kinachoilinda friji, hii ni nzuri sana kwa jiko la baridi: friza hupata haki yake, kijidirisha kinafunga friji ikishatosheka. Kama mpangilio ni kinyume, yaani friji ndiyo inayowasha mota na kijidirisha kimeachiwa mkono wako, umerudi palepale. Vitufe viwili si ushahidi wa kutosha. Kimoja kinaweza kuwa mlango tu wa hewa, usio na waya hata mmoja, hata kama kimeandikwa namba kama kile kingine. Njia rahisi dukani ni kuangalia kama kuna kidirisha cha namba kinachokuruhusu kuweka joto la friza peke yake na la friji peke yake, kwa nyuzi. Penye namba mbili zinazowekwa kila moja kivyake, kwa kawaida kila upande una sensa yake.

Juu ya hizo kuna zile ambazo gesi ina njia mbili na vali inayoigeuza, au zenye kompresa mbili kabisa. Hizi huweza kupooza friza bila kugusa friji. Bei yake huwa juu, na fundi wa mji mdogo anaweza asiwe na vipuri vyake. Hilo la mwisho lina uzito. Friji bora isiyotengenezeka Ludewa ni hasara.

Muuzaji atakujibu yote haya kwa neno moja: inveta. Kompresa ya inveta hubadili mwendo wake badala ya kuwaka na kuzima kwa nguvu moja, na inaokoa umeme kweli. Lakini inveta ni miguu, haina masikio. Ikiwa sensa iliyo friji inasema baridi imetosha, inveta nayo italala kama nyingine. Nyota za matumizi ya umeme zina kasoro ya namna hiyo. Tangu kiwango cha kimataifa cha 2015, friji hupimwa matumizi yake katika vyumba viwili, kimoja cha nyuzi 16 na kingine cha nyuzi 32, na nchi huamua namna ya kuchanganya matokeo. Jiko la nyuzi 9 halimo kwenye kipimo chochote kati ya hivyo. Habari njema ni kwamba katika baridi friji yoyote nzima hula umeme kidogo kuliko lebo inavyosema, hivyo tofauti ya nyota moja kwa mtu wa Kinangop haina thamani kubwa kama ilivyo kwa mtu wa Malindi. Fedha hiyo ni heri iende kwenye kidirisha cha namba mbili.

Kuna kejeli katika biashara ya mitumba. Friji iliyotumika Ulaya mara nyingi ni ya SN au N, kwa sababu ilitengenezwa kwa nyumba za huko. Ikishushwa Dar es Salaam inateseka: mota haipumziki, ubavu unaunguza, na baada ya kiangazi kimoja au viwili imechoka. Friji hiyohiyo ya SN ikipelekwa Njombe iko karibu na nyumbani kwake, na inaweza kufanya kazi vizuri kuliko mpya ya T iliyotoka kwenye boksi Kariakoo. Baadhi zina hata swichi ndogo karibu na taa ya ndani, ambayo waliozinunua huku hawajui kazi yake. Ni swichi ya msimu wa baridi. Ukiiwasha, taa au hita ndogo iliyo jirani na thamostati huwaka hata mlango ukiwa umefungwa, inaipasha thamostati joto kidogo, nayo inadhani friji imepata joto na kuamuru mota iwake. Friza inapona. Ni udanganyifu uliowekwa na kiwanda chenyewe.

Gharama yake inahesabika. Hita ya wati 10 ikiwaka mfululizo hula uniti 0.24 kwa siku, yaani kama uniti 7 kwa mwezi, kisha ongeza umeme wa mota inayoondoa joto hilo hilo uliloliingiza. Inavumilika kwa miezi mitatu. Usiiache imewashwa hadi Desemba. Na kabla ya kuigusa soma kitabu cha friji kama kipo, maana swichi inayofanana nayo kwenye modeli nyingine ni ya kugandisha haraka.

Mtumba una masharti yake. Kagua mpira wa mlango: ukibana karatasi na ikatoka bila kushikwa, baridi inavuja. Soma aina ya gesi kwenye kibandiko. Ukiona R12, ondoka. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, Itifaki ya Montreal ya 1987 ilianza kuiondoa, na hata nchi zetu ziliacha kuitegemea rasmi mwaka 2010. Friji yenye R12 leo ni chakavu kwa umri wake, achilia mbali gesi. R134a inatengenezeka. R600a ndiyo iliyo kwenye nyingi mpya, inashika moto, lakini ujazo wake ni gramu chache. Hatari ipo kwa fundi anayechomelea mabomba bila kuitoa kwanza.

Watu hawakukaa kimya kusubiri wataalamu. Wamebuni mbinu zao, na kila moja ina ukweli kiasi chake. Ya kwanza ni kuzungusha kitufe hadi namba ya mwisho. Inasaidia kidogo jiko likiwa na nyuzi 13 au 14. Likiwa na 6 haisaidii kitu, na sababu yake mafundi wengi hawaielezi: katika thamostati nyingi za friji za milango miwili, kitufe hubadilisha kiwango cha mota kuzima, si cha kuwaka. Kiwango cha kuwaka kimefungwa kiwandani, juu kidogo ya sifuri, ili barafu iliyoko kwenye bamba la nyuma iyeyuke kila mzunguko. Umeongeza urefu wa safari ya gari ambalo halijawashwa.

Mbinu ya pili ni balbu. Wengine huacha taa ya ndani iwake kwa kukizuia kile kitufe cha mlangoni kisibonyezwe mlango ukifungwa. Ni swichi ya msimu wa baridi ya kienyeji, na kwa balbu ya zamani ya wati 15 ilifanya kazi kweli. Balbu za LED zimeiua; hazitoi joto la kutosha kumdanganya mtu yeyote. Tatu, kuweka chupa ya maji ya uvuguvugu ndani ya friji kabla ya kulala. Mota itawaka kuondoa joto hilo, friza itanufaika kwa saa kadhaa, kisha kimya. Nne, kuifunika friji kwa blanketi. Hii ya nne iachwe kabisa. Friji nyingi za sasa hutolea joto ubavuni, mabomba yakiwa yamefichwa ndani ya bati, na blanketi linazuia joto kutoka siku mota itakapofanya kazi mchana jua likiwa kali.

Mbinu bora kuliko zote wengi tayari wanaifuata bila kuifikiria: friji inakaa sebuleni. Wageni hutuona tunajionyesha, na pengine ndivyo ilivyoanza, lakini katika nyumba ya Mafinga au Nyahururu sebule ndicho chumba chenye watu, televisheni, madirisha yaliyofungwa na jiko la mkaa lililokuwepo jioni. Usiku wa manane sebule kama hiyo inaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya jiko la nje. Nyuzi 4 au 5 tu za ziada zinaweza kuirudisha friji ya T karibu na mahali ilipokusudiwa. Kwa mwenye friji tayari na asiye na fedha ya nyingine, ningependekeza hili kabla ya fundi, kabla ya balbu, kabla ya chochote. Kama haiwezekani, iweke kwenye ukuta unaotenganisha jiko na chumba cha kulala, si ule unaopigwa na upepo wa mashariki.

Wengi huruka swali jingine: je, mtu wa jiko la baridi anahitaji friji? Viazi, kabichi, karoti, vitunguu, mayai, hata maharage yaliyopikwa jana, vyote hukaa vizuri kwenye chumba cha nyuzi 8 hadi 14 kwa muda ambao Tanga ungekuwa ndoto. Bibi zetu wa Kinga na Bena hawakukosa busara waliposimamisha maziwa kwenye kona ya ghala. Kinachokosekana huko ni kugandisha: nyama ya sikukuu, samaki waliotoka Kyela au Matema, kuku wa kuuza. Kwa familia ya namna hiyo, friza la sanduku, lile la kufunguliwa kwa juu, ni ununuzi wa akili zaidi kuliko friji ya milango miwili. Lina chumba kimoja, thamostati inapima chumba hichohicho, na pengo kati ya nyuzi 18 chini ya sifuri na jiko la nyuzi 6 halifungi kamwe. Mota itawaka inapopaswa. Umeme ukikatika, baridi nzito haimwagiki mlango ukifunguliwa. Kando yake weka friji ndogo ya mlango mmoja kwa maziwa na mabaki, na utakuwa umetumia fedha isiyozidi sana ya friji moja kubwa.

Friza hilo nalo lina kiwango chake cha chini, na hapa wenzetu wa Uingereza wana uzoefu. Waswahili wa London na miji mingine ya huko huweka friza gerejini, limejaa samaki, mihogo na kisamvu cha kugandishwa, na gereji ya Januari hukaribia sifuri au kuipita. Huko kampuni kadhaa hueleza kwenye tangazo joto la chini la chumba. Beko, kwa mfano, hutangaza friza zinazovumilia gereji ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Huko pia dhamana inaweza kukataliwa ikiwa kifaa kiliwekwa kwenye chumba kilicho nje ya herufi zake. Madukani kwetu sijamwona muuzaji akitaja kiwango cha chini cha chumba, ingawa kimeandikwa kwenye kitabu kilichomo ndani ya boksi lile lile.

Penye hatari kubwa zaidi si jikoni. Ni kwenye zahanati. Chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi yake, kama ya homa ya ini aina ya B na ile ya mchanganyiko wa pentavalenti, huharibika zikiganda hata mara moja. Katika jiko la baridi tuliogopa friza kuyeyuka. Katika zahanati ya nyanda za juu tunaogopa upande wa pili, chupa kuganda usiku bila mtu kujua, kisha kuyeyuka asubuhi zikiwa zinaonekana nzima. Shirika la Afya Duniani, WHO, haliachi jambo hili kwa herufi nne. Majokofu ya chanjo yanayopita katika uhakiki wake hupangwa kwa joto la juu la nyuzi 43, 32 au 27, na kila moja hutajwa joto la chini kabisa la chumba linaloweza kuvumilia, pamoja na daraja la kinga dhidi ya kugandisha. Daraja A ni jokofu lisilomtegemea muuguzi kufanya lolote ili chanjo zisigande. Friji ya nyumbani haipendekezwi humo, hata iwe ghali vipi. Na kwa chupa inayoshukiwa, upo upimaji wa kuitikisa na kuilinganisha na chupa iliyogandishwa makusudi, kuona kama unga unatuama haraka. Viwanda vya friji za nyumbani vingeiga sehemu moja tu ya utaratibu huo, kuandika joto la chini kwa namba kubwa mlangoni, malalamiko ya Juni yangepungua sana.

Kujua kama friza yako inafeli kunahitaji kipimajoto, na vya friji si ghali. Usitegemee ile hila ya sarafu juu ya barafu, ambayo huzamisha sarafu umeme ukikatika. Barafu ya maji huyeyuka ikifika sifuri, na friza ya jiko la baridi mara nyingi hupanda polepole hadi nyuzi 6 au 4 chini ya sifuri na kubaki hapo. Sarafu itakaa juu wiki nzima, huku nyama ikipoteza ubora wake na muda wake wa kuhifadhiwa ukifupika. Aiskrimu inaeleza mapema zaidi, maana hulainika kabla barafu haijafanya lolote.

Fundi akishaitwa na kusema ni gesi, muombe asubiri siku moja. Isogezeni friji kwenye chumba chenye joto, sebuleni au popote panapozidi nyuzi 18, muiache usiku kucha ikiwa imewashwa. Ikigandisha, mfumo wa gesi ni mzima na tatizo lilikuwa chumba. Mfumo huo umefungwa. Gesi haiishi kwa matumizi, hutoka tu penye tundu, na kuongeza juu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko huumiza kompresa. Lakini kama katika chumba hicho mota inazunguka bila kupumzika na friza bado haigandishi, hapo fundi ana hoja, na atafute kwanza tundu lilipo kabla ya kufungua mtungi.